Mzigo Ukiwa Juu

Siku ya kwanza ya kazi nilifika Miritini asubuhi, na mkoba wa nguo na mihogo kutoka kwetu Kaloleni. Mwalimu alinipokea mlangoni akiwa amekwisha vaa viatu vya shule. Yeye ni shangazi yangu, kwa kuwa babake na babu yangu walikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini ndiye aliyeniajiri na mtaa mzima humwita Mwalimu, basi nami nitamwita hivyo humu. Alinionyesha jiko, choo na kitanda changu, kisha akanipeleka barazani kwa bosi wangu wa pili.

Bosi huyo alikuwa babake, Mzee Kalama, babu kwangu, ambaye kazi yangu ilikuwa kumtunza. Alikuwa mrefu, mabega mapana, ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha akaniuliza nimetoka genge gani. Mwalimu akaninong'oneza niseme genge lolote, nikasema la Kaloleni.

Babu akanitazama toka miguuni hadi kichwani. "Wamenitumia msichana," akasema. "Haya. Una nguvu?"

"Ninazo kidogo, babu."

"Kidogo yatosha. Usisimame chini ya mzigo tu."

Hayo ndiyo mafunzo yote aliyonipa siku ile. Niliyachukua kuwa maneno ya ugonjwa, nikaenda kuosha vyombo.

Nataka kueleza jinsi kazi hii ilivyokuwa, maana nimeona wasichana wengi wakipewa bila kuambiwa lolote. Huambiwa tu, "Kuna mzee, ukae naye." Kukaa na mtu mwenye maradhi ya kusahau ni kazi kama kazi nyingine, ina maarifa yake, na yana wa kuyafundisha.

Mimi nilifundishwa na Sista wa zahanati, mama wa makamo aliyekuwa akimpima Babu presha. Yeye ndiye aliyenipa neno fadhaa. Fadhaa ni ile hali ya mgonjwa kutotulia: anasimama, anakaa, anazunguka chumba, anavuta shuka, anapandisha sauti, wakati mwingine anasukuma. Mimi nilidhani ni ukorofi wa uzee. Sista aliniambia, "Umazi, akianza kuhangaika kuna kitu anakihitaji, na hana tena maneno ya kukiomba. Kitafute." Akanionyesha pa kuanzia. Kwanza kiu na njaa. Halafu haja ndogo na haja kubwa. Halafu maumivu, joto, kelele, nguo inayobana. Akasema nisimwendee kwa nyuma, nimwendee kwa mbele anione, niteremshe sauti, na nisibishane naye hata akisema leo ni jana.

Nilianza kutafuta kama alivyosema, na mara nyingi nilipata. Kuna asubuhi Babu alivua shati kila nilipomvisha, mpaka nikagundua kola imekauka kwa sabuni ikawa ngumu kama mkeka. Kuna wiki alikuwa mkali na hataki kuguswa tumbo, na dawa ikawa papai na maji mengi. Televisheni ilimchosha, kwa sababu watu wa ndani yake walimsemesha na hawakungoja jibu. Tukaizima mchana. Mabati yalipochemka saa saba nilihamishia kiti chake upande wa nyuma, penye upepo.

Kwa kabila letu mjukuu na babu ni watani, na utani ulinisaidia kuliko kitu kingine. Mwalimu akimwambia aoge, alikataa, maana binti hamwambii babake mambo ya kuoga. Mimi nilimwambia, "Mume wangu, leo unanuka kama mbuzi, sitalala na wewe nyumba moja," naye akacheka, akasema nimeolewa kwa mahari ya bure, akachukua ndoo mwenyewe akaingia bafuni. Mimi nilisimama nje ya pazia nikimkumbusha: sasa kichwa, sasa mgongo, sasa jimwagie.

Basi asubuhi na mchana tulielewana. Taabu ilikuwa jioni.

Ikifika kama saa kumi na moja, Babu alisimama. Alikwenda ukingoni mwa baraza akatazama juu, akainua mkono wa kulia, akazungusha kidole cha shahada hewani. Alishusha, akatandaza kiganja, akakunja ngumi. Kisha akarudia, kwa kasi zaidi, huku anahema. Ukimwambia akae, alikutazama kama umemtukana. Ukimshika, alikusukuma. Hakutaka chai, hakutaka kwenda msalani, mara nyingi alijikojolea akiwa amesimama palepale na machozi yanamtoka. Sista alisema wagonjwa wengi huzidiwa wakati jua linapoinama, akatuambia tuwashe taa mapema na tupunguze watu ndani. Tulifanya. Ilisaidia kidogo, halafu katika miezi ile ikazidi.

Siku moja niliingia jikoni kuepua chai, na nilipotoka kiti kilikuwa kitupu. Nyumba ya Mwalimu iko nyuma ya vibanda vinavyowauzia madereva wa malori, na mbele ya vibanda ni barabara. Nilikimbia. Nilimkuta Babu amesimama pembeni mwa lami, ngumi juu, na trela la makontena limefunga breki mbele yake linatoa moshi. Dereva alikuwa ameteremka amekasirika, lakini alipomwona vizuri sauti ikamwisha. Aliniambia tu, "Mrudishe nyumbani, dada. Lakini huyu mzee anajua kusimamisha gari. Nimeona ngumi ile nikakanyaga breki kabla sijafikiri."

Mwalimu alilia jioni ile. Kisha akampigia simu kaka yake wa Nairobi, kifungua mimba wa Babu, ambaye mimi humwita Baba Mkubwa. Yeye ndiye aliyelipia dawa, kwa hiyo neno lake lilikuwa la mwisho. Alisema hataki kuitwa kuja kuzika babake kwa sababu ya trela. Chumba cha Babu kitiwe geti la chuma, na kuanzia saa kumi afungiwe ndani kwa kufuli. Ufunguo nitakuwa nao mimi. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuja kupima mlango, na Baba Mkubwa akasema atafika shule zikifungwa aone kazi imefanywa.

Niliyasikia hayo nikiwa nachambua mchele. Sista alikuwa ameniambia mgonjwa akifungiwa fadhaa huongezeka, na nilimjua Babu, angeupiga ule mlango mpaka mikono itoke damu. Lakini mimi si mwepesi wa kusema mbele ya wakubwa. Nikaendelea na mchele.

Habari zikafika Utange kwa dada mkubwa wa Mwalimu, Shangazi Jumwa. Alikuja kumwona babake, akakaa mpaka jioni, akaona kidole kikizunguka kuelekea juu. Akashika kifua. Alisema Baba anaonyesha mbinguni, ameshaitwa, anatuaga na sisi hatuelewi. Siku ya pili yake akaja na mchungaji wao na akina mama wa kanisa kumwombea.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Waliimba nyimbo za zamani na Babu akaimba nao, maneno yote, yeye aliyesahau jina la binti yake. Kisha mchungaji akasema tuombe, na wote wakainua mikono juu kama ilivyo desturi yao, viganja wazi, wengine wakivitikisa.

Babu akaruka kitini. Sijawahi kumsikia akinguruma vile. "Mkono mmoja!" alisema. "Nani mwingine ameinua? Mkono mmoja!" Akawa anapita anateremsha mikono ya akina mama mmoja mmoja. Mchungaji akadhani ni roho nyingine imeamka, akaomba kwa sauti zaidi, akainua mikono yote miwili. Hapo Babu alimkamata koti, akamburuta hadi uani, akamwegemeza ukutani na kumkinga kwa mwili wake. Kiatu kimoja cha mchungaji kilibaki sebuleni.

Mchungaji alikuwa mtu mwema. Alipopata pumzi alisema, "Mama Jumwa, mzee huyu haendi popote. Hata mimi nimeshindwa kumwondoa." Akina mama wakacheka, Shangazi Jumwa hakucheka.

Lakini maneno ya kwamba Mzee Kalama anaaga yalikuwa yamekwisha toka. Yalivuka hadi Likoni kwa rafiki yake wa kazi, Mzee Kombo. Naye akaja, ameletwa na mjukuu wake, amevaa kanzu na kofia, mkongojo mkononi. Mwalimu, na Shangazi Jumwa aliyekuwa amekuja tena, walimpokea kwa heshima na kumwonya kwamba huenda asitambuliwe.

Hakutambuliwa. Babu alimwitikia salamu kama mpita njia. Alikwenda katikati ya ua, akampa mjukuu mkongojo, akasimama akimkabili Babu, na mikono yote miwili ameishika mbele yake kama mtu aliyeshika vyuma viwili. Akangoja.

Babu akainuka. Akainua mkono wa kulia, akazungusha kidole. Mzee Kombo akavuta mkono mmoja nyuma taratibu. Babu akatandaza kiganja akakibonyeza chini. Mzee Kombo akausukuma mbele. Babu akakunja ngumi. Mzee Kombo akaganda kama sanamu. Walifanya hivyo kwa muda, wazee wawili uani bila kusema, na uso wa Babu ukanyooka. Mwisho akashika mikono yake pamoja mbele ya tumbo, vidole vimefumbatana. Mzee Kombo akaachia vyuma vyake visivyokuwapo, akaja akakaa kando yake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Yuafanya kazi huyu. Nani kawaambia yuafa?"

Tulikuwa tunajua Babu alifanya kazi bandarini. Hata watoto wake walijua hilo tu, bandarini, ukuli. Mzee Kombo ndiye aliyetueleza. Zamani, kabla ya makontena kutawala, shehena ilipakuliwa kwa winchi za meli. Makuli, waliogawanywa kwa magenge, walikuwa ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, wakifunga magunia kwenye wavu wa kamba. Dereva wa winchi aliketi juu, haoni ndani ya ngama. Kati yao alisimama mtu mmoja ukingoni, anayeona pande zote mbili, naye ndiye mpiga ishara. Kidole kikizunguka, inua. Kiganja kikibonyeza, teremsha. Ngumi, simama hapohapo. Mikono ikifumbatana mbele ya tumbo, funga kila kitu, winchi ipumzike, watu wakanywe chai. Kombo alikuwa dereva, Kalama mpiga ishara wake.

"Na mkono ni mmoja tu," alisema. "Wakiinua wawili, dereva afuate upi? Watu hufa hivyo. Wallahi, mie nilikuwa siwezi hata kujikuna."

Mwalimu akamtazama Shangazi Jumwa, na Shangazi Jumwa akatazama sakafu. Nilijua wanakumbuka mikono ya akina mama.

Ikafika saa kumi na moja tukiwa bado tunazungumza. Babu akasimama, akaenda ukingoni mwa baraza, akaanza. Mwalimu alitaka kumwita arudi. Mzee Kombo akamzuia, akainuka naye akatazama kule anakotazama mwenzake.

"Na mzigo ule je?" akauliza.

"Mzigo gani?" Mwalimu akasema.

"Ule."

Jirani yetu alikuwa anajengewa ghorofa. Mafundi walipandisha udongo wa saruji kwa ndoo kubwa ya chuma, kwa kamba iliyopita kwenye kapi juu ya boriti. Walipomaliza kazi jioni waliivuta ndoo hadi juu kabisa na kuifunga kamba kwenye nondo, ili watoto wasiondoke nayo. Kwa hiyo kila siku, mafundi wakishaenda, ndoo ile ilibaki inaning'inia juu ya kichochoro wanachopita watu. Tulikuwa tukiiona kila siku. Mimi hata nilianikia nguo chini yake.

"Mwamwambia akae," Mzee Kombo akasema taratibu, "naye ana mzigo juu ya vichwa vya watu. Atakaaje? Mzigo ukiwa juu mpiga ishara haendi hata msalani."

Asubuhi yake nilimwendea fundi mkuu wa ujenzi ule, jamaa wa kutoka bara aitwaye Mutua. Nilizunguka rundo la kokoto mara kadhaa kabla sijapata ujasiri wa kumwita. Nilimwomba wakimaliza kazi waishushe ndoo.

"Siste, nikiiacha chini, wasee wa hapa wataiuza kama chuma chakavu."

"Nitailaza kwetu, jikoni."

"Na kamba?"

"Na kamba."

Akanitazama, akatazama barazani, kisha akatabasamu. "Poa. Lakini mzee aniambie mwenyewe. Mimi sichukui amri kutoka kwa mpishi."

Jioni ile alisimama na kamba mkononi, akageuka kumkabili Babu kama nilivyomwelekeza. Vijana wake walikuwa wanacheka. Babu alishuka kwenye baraza hadi ukingo wa ua. Alitazama kwanza kichochoro, akamwamuru mama mmoja apite haraka na mwanawe. Kisha akatoa kiganja. Ndoo ikashuka. Ilipoanza kuyumba akakunja ngumi, akangoja itulie, akaendelea. Ilipogusa ardhi hakuna kijana aliyekuwa anacheka. Babu akafumbata mikono mbele ya tumbo. Akageuka, akanitazama, akauliza msala uko wapi.

Nilimpeleka. Kisha akanywa chai na mahamri, akalala kabla sijawasha taa ya nje.

Sisemi kwamba tangu hapo ilikuwa raha tupu. Kuna siku alihangaika na ndoo iko jikoni. Wiki moja alikuwa mkali kutwa nzima, hajui usiku wala mchana, na Sista alipompima akakuta maradhi ya mkojo. Alipomeza dawa akarudi kama zamani. Nilijifunza nisiseme nimeshamjua. Nilianza upya kila mara: kiu, haja, maumivu, joto. Ndoo niliiweka mwisho. Lakini jioni nyingi zilikuwa na amani, na Mwalimu aliporudi shuleni alianza kukaa naye akisahihisha madaftari, jambo aliloliacha kwa muda mrefu.

Shule zikafungwa, Baba Mkubwa akaja. Alifika Jumamosi alasiri, na nyuma yake mkokoteni umebeba geti la chuma lenye rangi mbichi. Mwalimu alikuwa amemweleza kwa simu mambo ya ndoo, na yeye alikuwa ameyasikia kama mtu anavyosikia hadithi ya watoto. Alisema amefurahi mzee ametulia, lakini trela halingoji ndoo. Fundi wa vyuma akaanza kutoboa ukuta wa chumba.

Jumamosi mafundi wa jirani huondoka mapema. Siku hiyo Mutua alikuwa na safari, akasahau. Nilipotazama juu niliona ndoo iko kwenye kapi, na kamba imefungwa kwenye nondo, na ua wa jirani hauna mtu. Babu alikuwa ameshasimama. Kelele za kutoboa zilimzidishia. Alikuwa anazungusha mkono, anahema, akamsukuma Baba Mkubwa aliyetaka kumrudisha kitini.

"Mwaona?" Baba Mkubwa alimwambia Mwalimu. Kufuli lilikuwa mkononi mwake. "Huku ndiko kutulia?"

Nilivua kandambili, nikapita kwenye pengo la ua, nikafungua kamba.

Sikujua kama ndoo imebaki na udongo ndani. Ilinivuta mpaka vidole vya miguu vikaacha ardhi, viganja vikaungua. Nikaizungusha kamba kwenye nondo, ikashika. Nikageuka kumkabili Babu, maana ishara haipokelewi kwa mgongo. Watu wa vibanda walikuwa wametoka kutazama, na mimi ni mtu ninayeona haya hata kuagiza soda. Nikatazama mkono wa Babu tu.

Alikuwa ameganda. Ngumi juu. Aliniona nimeumia, akaniachia nipumzike. Kisha kiganja kikatoka, taratibu kuliko siku zote, kidogo, ngumi, kidogo, ngumi. Baba Mkubwa alisogea kuja kunisaidia akapita kichochoroni. Babu hakupandisha sauti.

"Wewe kijana," akamwambia mwanawe, "toka chini ya mzigo."

Baba Mkubwa akatoka. Ndoo ikashuka, ikagusa, ikalala ubavu. Babu akafumbata mikono.

Alikwenda kukaa. Nikamletea chai, viganja vyangu vinawaka, naye akavishika akavipuliza. "Genge la Kaloleni," akasema. "Kesho wakupe glavu."

Baba Mkubwa alikwenda kukaa kwenye ngazi. Baadaye akamwambia Mwalimu, na mimi nasikia, kwamba walipokuwa wadogo Baba alirudi nyumbani akajisugua bega la kulia kwa mafuta ya nazi kila jioni, wala hawakumuuliza hata mara moja kwa nini la kulia. Kisha akamwita fundi wa vyuma. Tundu alizokwisha toboa azibe. Geti liende kwenye mlango wa ua, upande wa barabara, na liwe na komeo. Chumba cha Baba kibaki wazi. Kufuli alilitia mfukoni, akarudi nalo Nairobi.

Nataka niseme kwamba alifanya vizuri kuliweka lile geti. Barabara ni barabara. Mgonjwa anahitaji mahali pa kutembea na anahitaji ukingo, na ukingo ule ulimpa Babu ua mzima.

Ghorofa ya jirani ilipokwisha, Mutua alitukabidhi kapi na kipande cha kamba. Alikifunga mwenyewe kwenye boriti ya baraza yetu. Tukatumia ndoo ndogo ya plastiki yenye vibanio vya nguo ndani. Kila jioni niliipandisha kwa ishara ya Babu, kisha nikaishusha kwa ishara yake. Mchungaji alirudi kumwombea, na safari hii nilimwomba Mwalimu amwambie mchungaji, kwa kuwa mimi niliona haya, kwamba watu waombe wakiwa wamefumbata mikono mbele ya tumbo. Wakafanya hivyo. Babu aliwatazama wote mmoja mmoja, akaegemea kiti, akasinzia katikati ya maombi.

Nguvu zilimwisha polepole. Mwaka wa mwisho hakusimama tena. Aliinua mkono akiwa kitandani, kisha ikawa kidole tu juu ya shuka, na mimi nilikijua. Alifariki alfajiri, Mwalimu amemshika mkono mmoja na mimi mwingine, hakuhangaika.

Tulimzika Kaloleni, nyumbani. Mzee Kombo alikuja kutoka Likoni, amezeeka zaidi, akaomba naye ashike kamba ya kuteremshia jeneza pamoja na vijana. Wakampa ncha. Vijana walikuwa tayari kuteremsha, kila mmoja akimwambia mwenzake legeza, vuta, ngoja, kama ilivyo makaburini siku zote. Mzee Kombo hakuteremsha.

"Mie ni mtu wa winchi," akasema. "Sishushi bila mkono. Yuko wapi mpiga ishara?"

Watu wakatazamana. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Nilitoka nyuma ya akina mama. Ukoo mzima ulikuwapo, na wageni wa bandarini, na mchungaji. Nilisimama kichwani mwa kaburi, mahali ninapoona pande zote mbili. Nikainua mkono mmoja. Kelele zikakoma. Nikatandaza kiganja, nikabonyeza, na jeneza likaanza kwenda. Lilipoinama upande nilikunja ngumi, wote wakasimama, likatulia, nikaendelea. Nilimteremsha Babu taratibu, kama alivyoniongoza mimi siku ile viganja vilipoungua, mpaka kamba zikalegea.

Kisha nikafumbata mikono mbele ya tumbo. Mzee Kombo akaachia ncha yake, akafumbata yake. Nikaona Baba Mkubwa amefumbata, na Mwalimu, na Shangazi Jumwa, na mchungaji.

Sasa nafanya kazi Mikindani, kwa bibi mmoja ambaye jioni huvua leso yake na kuikunja, huikunjua na kuikunja tena, na huniita kwa jina la mtu nisiyemjua. Ninamwendea kwa mbele. Ninamuuliza kama ana kiu. Bado sijajua anafanya kazi gani, lakini nimeanza kukunja naye.